Siku Fundi Bomba Alipofunga Maji

Kila asubuhi Cherehani alimpangia baba yake spana kwenye mfuko, huku akisimulia hili na lile. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Baba yake alikuwa fundi bomba, na mtaani hapakuwa na koki iliyomshinda. Akitoa kauli watu waliitikia, hata kama haihusu mabomba.

Jumamosi moja Bonge, mdogo wake Cherehani wa mwaka mmoja na nusu, aliamka akiharisha. Kufikia saa nne alikuwa amechafua nepi sita.

"Baba Cherehani, mtoto analilia maji," mama alisema.

"Usimpe. Bomba likivuja, unafunga maji kwanza. Ukimpa atazidi kuharisha."

Cherehani alijua si hivyo. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na asiporudishiwa hukauka. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Yeye nani hata amsahihishe fundi?

Mchana Bonge alilia bila machozi. Alasiri hakulia tena. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka, na nepi ilikuwa kavu tangu adhuhuri.

"Mmeona? Kuharisha kumekoma," baba alisema kwa furaha.

Cherehani aliifinya ngozi ya tumbo la mdogo wake. Ilibaki imejikunja. "Baba, hana maji mwilini," alisema. "Mwalimu alituambia."

Baba alimtazama mtoto vizuri, akamnyakua, akakimbia naye zahanati. Muuguzi alihangaika kutafuta mshipa wa kumwekea dripu. Jua lilipozama, Bonge alikuwa ameaga dunia.

Waombolezaji walisema siku zake zimefika. Cherehani hakuafiki. Usiku na mchana jambo moja lilimla moyo, mpaka akamfuata baba yake.

"Nilijua tangu asubuhi, baba. Nikanyamaza."

Baba alilia mbele yake, asijifiche. "Kosa si lako, mwanangu. Mimi ndiye niliyewazoesha kuniogopa."

Miezi miwili baadaye mtoto wa jirani yao, mama muuza mkaa, alianza kuharisha. Fundi alikwenda na Cherehani, wakiwa na pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini. Alinawa mikono kwa sabuni, akamwomba binti yake asome maelezo kwa sauti.

"Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi," Cherehani alisoma. Wakatumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na Cherehani akaanza kumnywesha mtoto.

"Fundi, si atazidi kuharisha?" muuza mkaa aliuliza kwa hofu.

"Huenda asiache leo, lakini hatakauka. Mnyonyeshe, mpe na chakula, kisha twende naye zahanati."

Huko mtoto alipewa vidonge vya zinki. Siku ya tatu alikuwa akitambaa uani, na majirani wakaja kumpongeza fundi.

"Msinipongeze," aliwaambia. "Chemsheni maji ya kunywa. Naweni kwa sabuni mtokapo chooni na kabla ya kumlisha mtoto. Akiharisha, msimnyime kinywaji hata saa moja. Na mtoto wa shule akikwambia jambo, msikilize, hata kama wewe ndiye fundi. Bonge wangu alililia maji tangu asubuhi, nami nikamkatalia."

Cherehani aliendelea kumnywesha mtoto wa jirani, kijiko kwa kijiko.