Leva ya Gari la Marehemu

Chuma kilicholala gereji usiku kucha huamka baridi. Hilo halihitaji elimu. Ndiyo maana asubuhi ile fundi alipoingia kwenye gari lake jekundu, akashika leva ya gia na kuikuta na joto, aliurudisha mkono haraka akageuka kutazama nani aliyemtangulia. Kufuli alikuwa amelifungua mwenyewe. Ndani hakukuwa na mtu.

Walimwita Kiganja, na jina hilo alilifanyia kazi. Wenye magari ya zamani ya mbio, yale mafupi ya milango miwili ambayo ukikaa makalio yanakaribia kugusa lami, walimletea awaambie kipi kimetoka nayo kiwandani na kipi kimebandikwa. Ugomvi mkubwa ulikuwa leva. Mafundi wengine walianza na tochi. Kiganja alianza kwa kukaa, kufumba macho na kuishika kama anayesalimiana nayo. Ya kiwandani ni nzito, namba za gia zimechongwa kwenye kirungu chake, na husafiri mbali kabla ya kuingia. Ya dukani ni nyepesi, namba zake zimechapwa tu juu, na shingoni imebanwa kwa viskrubu.

"Ya dukani ina haraka," alipenda kusema, "kama mgeni anayekaa kabla hajakaribishwa."

Kisha ndipo alipofunua ngozi ya chini na kutafuta namba iliyogongwa kwenye shina. Siku zote namba ilikubaliana na mkono.

Kipaji hicho alikirithi kwa mama yake, aliyepoteza macho kabla hajamzaa. Mama aliwajua wanawe sita kwa viganja. Utotoni walijaribu kumchezea, huyu akinyoosha mkono na yule akiamkia, naye akiwachekea: "Toka hapa, wewe kitinda mimba! Mwenye sauti yuko wapi?" Hakukosea hata mara moja.

Basi wiki mbili kabla ya asubuhi ile alikuja mama mmoja, mjane, na gari la marehemu mumewe.

"Marehemu aliniapia hakijabadilishwa hata kimoja," alisema. "Nipe karatasi yako, fundi. Nataka nimwachie binti yangu gari na ukweli wake."

Kiganja akakaa, akafumba macho. Leva ile ilikuwa halisi mpaka ikamsisimua. Na nyuma ya pazia la gereji lilisimama gari lake jekundu, toleo lilelile, alilolijenga miaka kumi na mmoja kipande kwa kipande, likikosa kitu kimoja tu. Tamaa mbele, mauti nyuma; msemo huo alikuwa akiwaambia wengine.

"Pole, mama. Vyote ni vya kiwandani, ila leva. Hii ni ya dukani."

"Una hakika?"

"Mkono wangu haudanganyi."

Na kweli, mkono haukuwa umedanganya. Mjane akavua pete yake ya ndoa, akaitia kwenye mkoba.

"Miaka thelathini na minane. Kama alinidanganya kwa hiki, mangapi mengine nimeyameza? Itoe, fundi. Weka yoyote. Sitaki kuiona."

Kiganja aliiona ile pete ikiingia mkobani. Angeweza kusema. Hakusema; aliing'oa leva, akaifunga kwenye gari lake jekundu.

Baada ya lile joto la asubuhi ikaja harufu, mafuta ya nywele ya kizamani yaliyochanganyika na ngozi iliyopigwa jua. Kisha sauti. Mchana mafundi walipokwenda kula, nyuma ya pazia alisikia *ko*, gia ya kwanza, halafu *ko*, ya pili, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika. Alhamisi mvua ilipokuwa ikipiga mabati, alijikaza akafungua pazia, akaingia garini, akafumba macho kama kawaida yake, akaishika leva ili ajihakikishie kuwa ni chuma tu, na kile kirungu kikalainika ndani ya kiganja chake, kikaota vifundo, kikaota vidole, na vidole vile, vikavu na vyenye joto, vikamshika kwa adabu kama mtu anayeitikia salamu, vikabana, vikazidi kubana, mpaka akapiga kelele ambazo mvua ilizimeza zote.

Jioni ileile alimleta shangazi yake, mama wa makamo aliyezoea kuwatoa watu mapepo. Shangazi alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kusogea.

"Huyu hakukufuata wewe," alinong'ona. "Alikuwa na mwenyewe, wamezoeana mkono kwa mkono. Umemfanya nini?"

"Nimemchukua, shangazi."

"Wakichukuliwa husamehe. Sema yote."

"Nilimwita wa bandia."

Shangazi akarudi nyuma hatua mbili. "Mrudishe kesho. Na umwambie yule mama kwa kinywa chako: nilidanganya. Neno hilohilo. Ukilipunguza, naye atachukua kitu chako, akuachie cha bandia."

Kesho yake Kiganja aliifunga leva mahali pake, uani kwa mjane. Alipoinuka, ulimi ukawa mzito.

"Mama, tulikosea. Tumeichunguza upya. Ni ya kiwandani."

"Kwa hiyo hakunidanganya?"

"Hakukudanganya."

Mjane aliketi kwenye ngazi, mikono kichwani. "Nilikwenda kaburini, fundi. Nilikwenda mpaka kaburini nikamtukana."

Hapo ndipo lilipokuwa neno. Lilimfika mpaka kwenye meno. Aliona aibu, akalimeza.

"Makosa ya gereji, mama. Hutokea."

Ndani ya gari lisilo na mtu, leva ikalia *ko*. Mjane hakusikia. Alimshukuru kwa mikono miwili, na shukrani ile ilimchoma Kiganja kuliko tusi.

Gereji ikatulia. Harufu ikaisha, mchana ukawa kimya. Jumapili alikwenda kumsalimia mama yake, akijiambia yamekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kitinda mimba wangu!" Mama akaukamata mkono wake kwa furaha. Kidole gumba chake kikapita juu ya kiganja, kikarudi, kikapita tena taratibu, kama kinachotafuta namba mahali ilipozoea kuwa. Tabasamu likafutika usoni mwake.

"Ni mimi, mama."

"Sauti ni yake," alinong'ona, akiuachia mkono na kujifuta vidole kwenye nguo. "Mwanangu umemweka wapi?"