Tonge la Mlima

Bakuli la Goma, lililojazwa chakula na kuwekwa nyuma ndani ya gari, lilikuwa limelambwa hadi linang'aa, na Goma mwenyewe hakuwa ameligusa. Tangu waondoke pale juu ya mlima walipokula, mbwa huyo alikuwa amelala mapajani mwa Fumie.

Fumie aliliona bakuli alipogeuka kutafuta kitambaa cha kufutia kioo. Goma alikuwa na miaka kumi na mitatu, meno yamekwisha, na chakula chake humchukua nusu saa. Mumewe, Masanobu, alishika usukani kwa mikono miwili, gari lao la kulala ndani likishuka kona baada ya kona katikati ya majani mekundu na ya manjano. Ilikuwa saa nane mchana, mwisho wa Oktoba, na ukungu ulikuwa unaanza kuteremka.

"Baba," Fumie alisema. Watoto walishaoa wakahama, lakini wao waliendelea kuitana baba na mama. "Kwenye kikasha cha wali niliacha tonge moja. Ulilitupa vichakani?"

"Nimempa Goma, kutoka kiganjani mwangu."

"Umempa Goma."

"Alikuwa ananitazama kwa macho yale. Nimnyime mzee mwenzangu, nimwachie nani? Mawe?" Masanobu alicheka. Alikuwa mtu mwema, ila kwa ubishi alikuwa hashikiki.

Mama yake Fumie alizaliwa chini ya mlima huu, na hakuna mtoto wa upande ule aliyekua bila kuambiwa: ukila pale juu, bakiza tonge moja la wali, ulitupe vichakani. Ni la wale waliokufa njaa njiani, enzi za kuvuka kwa miguu. Wasipopata lao, watamshika aliyelila na aliyelitoa. Fumie alikuwa amelitenga tonge hilo kwa vijiti vyake vya kulia, akaenda kufunga gesi, akamwachia mtu mzima alitupe.

Nyuma yao mlango wa friji ulifunguka. Ukafungwa.

"Kona hizi," Masanobu alisema. "Kitasa kimelegea."

Kisha ikaja harufu ya maji ya kuoshea mchele yaliyolala siku tatu, na sauti ya plastiki ikipasuliwa taratibu, na baada yake kutafuna. Goma aliingiza pua kwapani mwa Fumie, akitetemeka bila kubweka.

"Mama, nipe kitu nile." Sauti ya Masanobu ilikuwa imekuwa ndogo. "Chochote."

"Si umekula sasa hivi?"

"Tumbo limekuwa shimo. Mikono siisikii."

Alikuwa ametota jasho, midomo imempauka, na mguu wake ulikuwa umelala juu ya breki kama nguo iliyoanguka, bila kukanyaga. Gari likaanza kukimbia, na Fumie, ambaye hakuwahi kujifunza kuendesha hata pikipiki, alipapasa kwenye droo ya mbele, akakuta karatasi ya biskuti bila biskuti, maganda ya machungwa yasiyo na chungwa, pakiti ya peremende iliyolambwa mpaka ndani, na kila alichokigusa kilikuwa na ute wa baridi, huku kona nyingine ikiwajia mbio, na nyuma ya uzio wake hapakuwa na mti wala mwamba, ukungu mtupu.

Ndipo akakumbuka kitu cha mwisho alichofundishwa na mama yake, cha mtu asiye na hata punje. Alimvuta mumewe mkono wa kushoto, akamwandikia kiganjani kwa kidole herufi ya Kijapani yenye maana ya mchele, mistari sita, akambandika kiganja mdomoni.

"Lamba. Baba, lamba."

Alilamba. Mguu ukapata uhai, ukakanyaga. Gari lililia, likayumba, likasimama pua yake ikigusa uzio.

Nyuma, kutafuna kulikoma. Kitu kilianza kutambaa juu ya zulia kuja mbele, bila haraka, na mkanda wa shingoni mwa Goma ukajikaza wenyewe, ukamvuta mbwa nyuma katikati ya viti, Fumie akimng'ang'ania kwa mkono mmoja na kusikia kucha zake zikikwaruza kiti.

"Si kosa lake," alinong'ona. "Mbwa hakujua. Ni letu sisi."

Akajiandikia kiganjani kwa kucha ya kidole gumba, mistari sita, akaunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Ulimi uliomgusa ulikuwa wa baridi, mkavu, mrefu mno, nao ulimlamba kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole, polepole, mpaka ulipomaliza. Mkanda wa Goma ukalegea. Mlango wa nyuma ukafunguka, harufu ya majani ikaingia.

Chini ya mlima Masanobu alinunua matonge matatu ya wali yaliyofungwa kwa mwani, akayaweka yote kando ya barabara, akainama mpaka paji la uso likagusa lami. Hakubisha tena.

Jioni ile nyumbani Fumie alimpa Goma wali na samaki. Kwa miaka yote mbwa huyo hakuwahi kubakiza hata punje. Leo alikula, akafika mwisho, akaacha tonge moja. Akarudi kinyumenyume mpaka miguuni pa Masanobu, akalala, macho kwenye bakuli.

"Ameshiba," Masanobu alisema, lakini kwa kunong'ona.

Wote watatu walikuwa wanalitazama bakuli punje zilipoanza kupungua, moja moja.