Aliyenipigia Magharibi

Nilitoka kununua makaa, basi. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Kongo, umeme umekatika Ngagara nzima, na muuzaji wetu wa pale kona ana tabia ya kufunga mapema. Nikajitanda kanga, nikashika kikapu. Mwadhini alikuwa bado hajaanza.

Simu ikalia kifuani mwangu.

Jina kwenye kioo: Lamya. Mwanangu wa pekee. Nikapokea mbio mbio.

"Allô, mama. Umeshakula?"

Nikasimama katikati ya njia. Wallahi nilisimama, hadi mtu wa baiskeli akanitukana. Kwa sababu Lamya wangu haulizi hivyo. Lamya wangu anasema, "Mama, uko bien? Bon, nitakupigia," na kabla sijameza mate keshakata.

"Bado," nikasema. "Nafuata makaa."

"Utapika nini?"

"Ndagala. Na sombe kidogo."

"Na mawese?" akauliza taratibu. "Kama zamani, mama?"

Machozi yalinitoka pale pale barabarani. Mtu mzima mimi, nalia kwa sababu nimeulizwa habari za mafuta ya kupikia! Tukaongea hadi makaa yakanunuliwa, hadi nikafika nyumbani, hadi jiko likawaka. Hakuniambia ana haraka.

Niwaeleze hali yangu, mnielewe. Jina langu Zubeda. Mume wangu Tajudini, fundi magari, alifariki, Mungu amrehemu, nikabaki na nyumba na kuku. Lamya anakaa Kinindo, kwa watu wa mageti, anafanya kazi na shirika moja la wazungu. Kutoka Kinindo mpaka kwangu kwa gari si safari. Mtu angetoka na sufuria ya wali ikafika bado moto. Lakini yeye alininunulia simu, kubwa, ya kioo. "Mama, sasa tutaonana kila siku!" Ee, tumeonana. Nimeliona paji lake la uso, na feni ya dari yake naijua vizuri. Essence, petroli ya gari, ikipotea mjini, hawezi kuja. Ikipatikana, kuna foleni. Foleni ikiisha, amechoka.

Na si Lamya peke yake, msinifanye nimseme mtoto wangu tu. Zamani ukifiwa, wanawake walilala kwako. Walichambua mchele, walisugua masufuria, waligombana hadi ukasahau kulia. Siku hizi unatumiwa vile viganja viwili vya njano vilivyobanwa pamoja. Sikukuu unatumiwa picha ya msikiti wenye nyota zinazomeremeta, ile ile, kutoka kwa kila mtu. Nikisema simu imetufanya mayatima wenye mama, naitwa mshamba. Haya, mshamba mimi. Lakini magharibi ile nilishukuru kuwa na simu, na kesho yake nikakaa karibu nayo tangu alasiri nikiingoja ilie.

Ikalia. Na siku iliyofuata. Kila magharibi.

Sasa kuna jambo. Kwetu sisi Waswahili wa hapa Bujumbura, magharibi ina adabu yake. Giza likiingia ukaitwa jina, huitiki hadi umwone anayekuita. Ukibishiwa hodi, unanyamaza. Binadamu atabisha tena, na tena. Kile kingine hubisha mara moja tu, na ukikijibu "karibu" umekifungulia mwenyewe. Mama yangu alinipiga makofi kwa jambo hili. Nami nimelishika hadi majirani wananicheka. Léocadie wa nyumba ya pili, akitaka chumvi jioni, hupiga kelele ukutani: "Mama Lamya, ni mi, si shetani!"

Lakini mama alinifundisha mlango na dirisha. Simu hakuijua.

Jioni moja nilikuwa nimekaa uani, kuku wamelala chini ya tenga. Sauti ya Lamya ilikuwa tamu kuliko siku zote. Nilisikia harufu ya kafuri, ile ya kuoshea maiti. Nikanusa kanga yangu. Nikanusa mikono. Nikanusa simu...

Ilikuwa simu.

"Mama," ikasema, "nimekumbuka nyumbani. Hodi?" Na kicheko kidogo.

Wenzangu, mtoto wako akikubishia hodi, utasema nini? Mdomo ulijibu kabla ya kichwa.

"Karibu, mwanangu! Karibu ndani, nyumba ni yako."

Nikaibana simu sikioni.

Halafu nikasikia mlango ukifungwa. Si wangu. Ulikuwa ndani ya simu. Na nyuma ya mlango ule, ndani kule kule, nikasikia kuku. Kuku wangu. Yule tetea mwekundu ana kikohozi chake, namjua. Nikageuka kutazama tenga. Walikuwa wamelala, hakuna aliyefungua mdomo.

"Asante, mama," ikanong'ona.

Ikakata.

Asubuhi nikaamka koo linawasha. Nikanywa tangawizi, nikajiambia ni vumbi. Na magharibi ilipoingia nikapokea tena, ndiyo, nikapokea, kwa sababu nilikuwa sijasema neno na mtu tangu asubuhi.

Ijumaa hiyo, baada ya sala, gari likasimama nje. Lamya! Mzima mzima, na mikate mkononi. Nilimshika uso kwa mikono miwili, nikamnusa shingoni kama alipokuwa mchanga. Alinukia manukato na jua.

"Mama, sauti yako imefanya nini?" akashangaa.

"Koo tu."

"Lakini jana kwa simu uliongea muzuri."

"Ndiyo, uliponipigia."

Akacheka. "Apana, mama. We ndo ulinipigia. We ndo unanipigiaka kila magharibi."

"Mimi? Lamya, mimi hata kupiga simu ile sijui. Inalia, natelezesha kidole."

Kicheko kikamfia mdomoni. Nje mtu alikuwa anauza maandazi, anaita wateja, na sisi tumekaa pale mikate katikati yetu, hakuna anayeigusa.

"Mama, usinitishe."

"Nakwambia nini, hiyo magharibi?"

"Unauliza kama nimekula. Unaniimbia." Akainamisha macho. "Haunigombezi tena. Mi nilifurahi, mama. Nilisema, sasa niko na mama wa kuongea naye."

Maneno hayo yaliniuma kuliko koo.

"Na jana?"

"Jana ulibisha hodi kwa simu. Eti unanitembelea."

Nikasimama. "Ukajibu?"

"Nilicheka tu. Mutu wa kazi aliniita, nikakata."

Nikamkamata mikono yote miwili. Sauti yangu ilikuwa inakwaruza, lakini alinisikia vizuri. "Mimi nilijibu, Lamya. Niliitikia karibu, na tangu siku ile koo langu linakwenda. Wewe usijibu! Hata ikilia, hata ikisema inakufa. Hicho kitu kina sauti yangu, kesho kinaweza kuvaa na sura yangu. Hata ukiniona mimi mwenyewe mlangoni kwako magharibi, usinifungulie. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

Akaapa. Tukakubaliana simu yangu itupwe, na yeye atakuja kila Ijumaa, essence iwepo isiwepo, hata kwa miguu. Aliondoka kabla jua halijashuka. Alinipungia mkono hadi gari likakata kona, na nikajisemea, alhamdulillah, balaa limenirudishia mtoto.

Magharibi ikaingia. Simu ikalia.

Nilipokea ili niifukuze. Sikusema allô. Nikasoma Ayatul Kursiyyu, neno kwa neno, kwa koo lile bovu. Upande wa pili palikuwa kimya, lakini si kimya kitupu. Palikuwa na pumzi, inapanda, inashuka, inanisikiliza. Kafuri ikajaa chumbani. Nikafika mwisho.

"Amina," ikajibu.

Kwa sauti yangu.

Sauti yangu mimi, ile ya zamani, nzima, haina mkwaruzo.

Sijui nilivaa nini miguuni. Najua nilifika mto Ntahangwa, nikasimama ukingoni, nikairusha kwa nguvu zangu zote. Mto haukuwa na maji mengi. Niliiona ikianguka kwenye mawe, kioo kikawaka, kikazimika. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikiweka kifuani, nikakipasha joto.

Asubuhi yake nikafungua mdomo kuwaita kuku, hakikutoka kitu. Pumzi tu. Ndiyo maana haya nayaandika, siyasemi.

Nilivumilia, maana kulikuwa na Ijumaa mbele. Nilichinja yule tetea mwekundu. Nikapika pilau, nikafagia hadi nje ya geti, nikakaa barazani. Gari halikuja. Nikasema ni foleni ya essence. Ijumaa nyingine nikapika tena, pilau ndogo. Halikuja. Jioni hizo nyumba ilikuwa kimya hadi nasikia bati likipoa. Na niwaambie jambo la aibu: magharibi ikiingia, mkono wangu ulikuwa unaenda kifuani wenyewe, kutafuta simu. Nilijua ni nini kilichokuwa kinanipigia. Bado nilikikumbuka, kwa sababu kilikuwa kinaniuliza nimekula nini.

Halafu alasiri moja Léocadie akachungulia ukutani, anatabasamu.

"Eh, Mama Lamya! Félicitations kwa simu mupya!"

Nikamtazama.

"Usinifiche, Lamya kaniandikia. Anasema ile ya zamani uliitupa mutoni, sasa muko munaongea kila jioni kama marafiki. Na umemuambia asihangaike kuja, essence ni shida. Mama muzuri we!"

Ikamwambia niliitupa mtoni. Ikatumia ukweli wetu wenyewe kujisafisha. Na mtoto akaamini, kwani alitaka kuamini. Mama anayeimba na asiyegombeza, nani angemkataa?

Sikufikiria kalamu wala karatasi. Ningemwandikia Léocadie ampigie, labda. Hofu haikunipa nafasi. Nilitoka vile vile na kanga ya jikoni. Mabasi hayakuwepo, watu wamejazana kituoni wakitazama barabara tupu, nikakata shauri kwenda kwa miguu. Nilikuwa naomba njia nzima, bila sauti: asiwe amesema, ya Rabbi, asiwe amesema.

Lakini mji huu hautembeleki haraka kwa miguu ya mjane. Nilipofika Kinindo, taa za mageti zilikuwa zimewaka. Kwa mbali adhana ikaanza.

Geti la Lamya ni jeusi, la chuma. Zamu, mlinzi wao, hakuwepo, kiti chake kilikuwa kitupu. Ndani ya ua nikasikia mtu anatembea, kandambili zinaburuzika. Nikasikia kicheko cha mwanangu. Na nikajisikia mimi.

"Basi ukanikimbia na sabuni machoni," nilikuwa nasema mle ndani, kwa furaha, "baba yako akacheka mpaka akakaa chini."

Ni kweli. Jambo hilo lilitokea kweli, alipokuwa mdogo. Sikuwahi kumsimulia mtu.

"Mama, leo we ni mutamu," Lamya akasema.

"Nimekukumbuka, mwanangu. Hodi?"

Nikapiga geti kwa ngumi mbili. Nikapiga tena, kwa viganja, kwa goti. Chuma kikanguruma mtaa mzima. Mle ndani wakanyamaza wote wawili.

Kandambili zikaja. Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa.

Mwanangu alikuwa amesimama na simu mkononi, mwanga wake umempanda usoni. Kafuri ilinipiga puani. Akaniona. Nikafungua mdomo, nikaonyesha koo langu, nikaionyesha simu, nikatikisa kichwa kwa nguvu. Nikanyoosha mkono niichukue.

Akarudi nyuma.

Ndipo nikaelewa anachokiona. Mwanamke mwenye sura ya mama yake, magharibi, mlangoni, anapanua mdomo bila sauti. Nilimfundisha mwenyewe. Nikajipiga kifua: mimi, Lamya, mimi. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi. Machozi yalikuwa yananitiririka hadi kidevuni, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, na kwa muda mfupi nilidhani amenitambua.

"Lamya," simu ikasema kwa sauti yangu, kwa upole wote nilioshindwa kumpa, "uko na nani hapo?"

Akanitazama kuanzia kanga hadi miguu. Akausukuma mlango. Komeo likaingia.

"Siko na mutu, mama," nikamsikia nyuma ya chuma. "Karibu."