Niliitwa Hewani, Nikakatazwa Kuitika

"Wewe ndiye uliyemuua mayu!"

Mke wangu Salvina alinirushia usoni udongo wa kaburi la mama yake. Mbele ya waombolezaji wote. Mbele ya padri wa parokia yetu!

Jamani... udongo wenyewe ulikuwa bado mbichi.

Pembeni yake alikuwa kaka yake, Masele, kaingia kutoka machimboni Geita wakati jeneza limeshashuka. Shati jipya, viatu vinang'aa.

"Shemeji ana mtambo unaoongea mpaka Ulaya," akawatangazia watu. "Kashindwa kuniita mimi hapo Geita tu! Mama anazikwa, mimi naja kusikia kwa wapita njia!"

Watu wakaguna. Mama mmoja akanitemea mate karibu na viatu.

Nikapangusa udongo usoni. Na wadau, jibu nilikuwa nalo mdomoni, linaniunguza.

Ngojeni nianze mwanzo.

Naitwa Tarsisi. Mwaka 1969 nilikuwa fundi redio Shinyanga mjini, kijana mwenye nywele nyeusi, msinicheke. Nilikuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Hiyo si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni mtambo wako mwenyewe, unaongea na wenye mitambo wenzako kwa mapenzi tu, bila malipo. Wengi tuliongea kwa Mosi, ile lugha ya kugonga. Ti-ti-ta, ta-ti.

Ukipewa leseni unapewa na alama ya wito. Kwetu zote zinaanza na 5H. Ndiyo jina lako hewani. Yangu sitaiandika hapa, mtajua kwa nini.

Masharti niliyabandika ukutani. Taja alama yako kila unaporusha. Asiye na leseni asiguse. Biashara marufuku. Na lile lililonimaliza: usipeleke ujumbe wa mtu mwingine! Kubeba salamu za watu ilikuwa kazi ya posta.

Salvina hakuijua Mosi hata herufi moja. Lakini mdundo wa alama yangu aliushika kwa kuusikia, na akiwa jikoni alikuwa anaupiga mluzi.

"Jina lako linachezeka," alikuwa ananitania.

Tulipendana, acheni tu.

Masika ya mwaka huo mama yake akaugua, tukawa naye nyumbani kwetu. Akawa anamtaja mtoto mmoja tu. Masele, Masele, Masele.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Simu ya maandishi ya posta ingefika Geita mjini ikalala huko. Masele alikuwa porini na wenzake, wanachimba mabaki ya dhahabu. Lakini jirani na pori hilo kulikuwa na misheni, na kwenye misheni kulikuwa na Padri Otmar, mwenye leseni kama mimi. Kila Jumamosi alasiri tulikuwa tunaitana.

"Mwambie padri ampelekee Masele habari," Salvina akaniomba.

Ilikuwa Jumamosi, sebule imejaa wageni. Balozi wa nyumba kumi kakaa palepale na kikombe chake cha chai.

"Hairuhusiwi," nikasema.

"Nini?"

"Ni sharti la leseni, Salvina. Ujumbe wa familia siwezi."

"Mayu anakufa, wewe unaniambia sharti?"

Nikaingia chumba cha mtambo, nikafunga mlango, nikaanza kugonga.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo!

"Mama anakufa na wewe unacheza ti-ti-ta?"

Akaubamiza akaondoka analia.

Wadau... nilichokuwa nagonga ni hiki: *Mama yake Masele yu hoi. Aje upesi.*

Nilivunja sharti. Lakini alama yangu niliitaja, mwanzo na mwisho. Wapo walioniuliza baadaye, kwa nini usirushe bila alama, nani angejua? Sikuweza. Kama nakosea, nakosea kwa jina langu.

Salvina nilipanga kumwambia, balozi akishaondoka. Au vizuri zaidi, amwone kaka yake mwenyewe mlangoni, miguu imejaa tope.

Kesho yake Otmar akaniita. Nikaandika herufi moja moja alivyozigonga.

*Masele amepata ujumbe. Asema haji. Shimo limeanza kutoa.*

Kutoa dhahabu, ndiyo maana yake.

Nikavua spika za masikioni. Salvina alikuwa kaenda bombani. Mama mkwe alikuwa macho, ananitazama kutoka kitandani, mlango uko wazi.

"Tarsisi, baba... umemwita mwanangu, sivyo?"

"Umejuaje, mama?"

"Jana ulirudi na macho ya mtu aliyefanya neno. Anakuja?"

Nikaangalia chini. Kudanganya mtu anayeaga dunia mimi siwezi.

"Haji, mama. Wamepata dhahabu."

Alivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akasema taratibu:

"Tulifundishwa, usikatae wito, kataa neno. Huyu wangu kakataa vyote viwili."

"Mama..."

"Usimwambie Salvina. Mimi nikiondoka atabaki na ndugu huyohuyo mmoja. Niapie."

Nikaapa. Mngefanyaje?

"Wabeja, mwanangu," akanishukuru kwa Kisukuma chake, akageukia ukutani.

Wiki ile hakuimaliza.

Sasa mnajua kwa nini nilifyata mdomo makaburini. Salvina akahamia kwa shangazi yake. Mtaani nikawa yule mwanaume aliyependa sharti kuliko mama mkwe. Hata wateja wa kutengeneza redio wakakata mguu.

Lakini Masele hakutulia. Alijua ninachokijua. Kila tulipokutana alinikwepa macho, na mwenye hatia hukimbia bila kufukuzwa.

Alasiri moja Salvina akaja kuchukua sanduku lake la nguo. Masele kamsindikiza. Nasikia tu vitu vinakunjwa chumbani, moyo wangu nao unakunjwa.

Gari likasimama nje.

Akashuka mkaguzi wa leseni, Bwana Eustace, na askari nyuma yake. Salvina akatoka na sanduku mkononi akakuta mtu anasoma:

"Tarsisi, unatuhumiwa kutumia kituo chako kupeleka ujumbe wa mtu mwingine, kinyume cha masharti ya leseni. Ujumbe wenyewe ulisema: Mama yake Masele yu hoi, aje upesi."

Sanduku likamponyoka.

"Soma tena," Salvina akasema.

Akasoma tena.

"Nani... nani kawaambia?"

"Aliyepelekewa ujumbe." Bwana Eustace akamnyooshea kidole Masele. "Si huyo hapo? Alikuja ofisini mwenyewe kushtaki."

JAMANI!

Masele alitaka nifungwe kabla sijafungua mdomo. Akili yake yote ikaishia hapo! Hakufikiri kwamba ili anishtaki kwa ule ujumbe, ni lazima akubali kwamba aliupata.

"Kaka. Uliupata?"

"Dada, elewa... shimo lilikuwa limeanza kutoa. Ningeondoka, wenzangu wangelichukua."

"Mayu alikuwa HAI!"

Masele akaangalia viatu vyake.

Bwana Eustace akakohoa. Hakuwa mtu mbaya.

"Unakubali au unakataa? Ukikataa, ni neno lako na lake."

Nikawaza. Nikikataa, leseni yangu inapona. Na Masele naye anapona, atageuza maneno aseme hakupata ujumbe wowote, mambo yaishe. Lakini Salvina atanisikia nikikana kwamba nilimwita kaka yake, ataondoka na lile sanduku.

"Nakubali," nikasema. "Na Padri Otmar hana kosa, nilimbana mimi."

Padri akaandikiwa onyo. Leseni yangu ikafutwa. Mtambo wa kurushia ukapigwa palepale lakiri, ule muhuri wa nta. Redio ya kupokelea wakaniachia, maana kusikiliza hakukatazwi.

Masele alishaondoka, hatukumwona alivyotoka.

Salvina akakaa juu ya sanduku.

"Mayu alijua?"

"Alijua."

"Na ndiye aliyekufunga mdomo?"

Nikanyamaza. Kiapo ni kiapo. Lakini kunyamaza kwangu alikuelewa, akalia kilio ambacho hata makaburini hakulia.

Alirudi nyumbani, ndiyo. Mluzi wa jikoni haukurudi.

Jumamosi ikafika. Alasiri, kwa mazoea tu, nikawasha redio. Na hewani nikamsikia Otmar! Onyo lilikuwa bado halijamfikia, barabara bado mbovu, hajui lolote.

Anagonga alama yangu. Anasubiri. Anagonga tena.

Salvina alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Hilo si jina lako?"

"Lilikuwa langu."

"Anakuita. Mwitikie basi."

"Siruhusiwi tena, Salvina."

Otmar akaita tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga meza bila mimi kuvituma. Salvina akaja, akaviwekea mkono wake juu, akavibana mpaka vikatulia.

"Wewe unaitwa, unakatazwa kuitika," akasema. "Yule aliitwa na mama yake. Nani alimkataza?"

Nikanyoosha mkono mwingine, nikazima redio.

Alama iliyofutwa haitajwi, ndiyo maana sijaiandika. Lakini mwaka jana nilipomzika Salvina wangu, watu walipotawanyika, niliinama nikampigia mluzi ule mdundo wake wa jikoni. Mluzi hauna leseni, wadau, hauna mkaguzi.

Nilisubiri kidogo. Kimya.

Ninyi mna simu mfukoni. Hamna sharti, hamna lakiri, hamna padri wa kuwapelekea habari porini. Mama akipiga, pokea. Usikatae wito, kataa neno.

Maana itafika siku utaita wewe, na yeye ndiye hataitika.