Mhandisi Aliyepelekwa Ng'ambo na Mdogo Wake

Kila alasiri akitoka shule, Chonjo aliosha vyombo, kisha akaketi sebuleni kufanya hesabu. Nusu ya sebule ilikuwa ya kukaa watu, na nusu ya mota za feni, pampu na nyaya za shaba. Kaka yake alikuwa na shahada ya uhandisi wa umeme, lakini ofisi ya kumwajiri hakuipata, hivyo alisuka upya nyaya za mota zilizoungua. Yeye ndiye aliyempa mdogo wake jina la Chonjo, maana binti huyo hakumwamini mtu. Hata muuza maziwa wa kila siku alichunguliwa dirishani kwanza.

Siku hizo nyumba nzima ilijaa shaka. Jirani yao mshonaji alikuwa ametapeliwa kwa simu, na mama akatoa amri: namba msiyoijua, kateni. Kwa hiyo mwanamke mmoja alipompigia kaka tena na tena akitaka kujua habari za kazi yake, kaka alimkatia.

Basi mwanamke akaja mwenyewe. Mama alikuwa sokoni, na kaka alikuwa amempelekea mteja pampu yake.

"Shikamoo," Chonjo alisema bila kufungua mlango.

"Marahaba, mwanangu. Natoka chuo alichosoma kaka yako. Tunawauliza wahitimu wetu wanafanya kazi gani na wanatumia ujuzi gani. Yupo?"

Chonjo alichungulia pembeni ya pazia. Aliona mkoba mkubwa, kishikwambi, na raba za mtu anayeweza kutimua mbio. Hakuvipenda hata kimoja.

"Hayupo."

"Huwa anarudi saa ngapi?"

Chonjo akaliachia pazia. Huyu anapeleleza nyumba!

"Harudi. Yuko ng'ambo. Ni meneja, ana dereva na ofisi yenye kiyoyozi."

"Hongera zake. Masomo ya chuoni yalimtosha kwa kazi hiyo?"

"Yalimtosha na kubaki!"

Mwanamke aliandika, akashukuru, akaenda zake. Chonjo alijiona shujaa.

Kaka aliporudi na kusimuliwa, alicheka sana kusikia kwamba ana dereva. Aliposikia lile swali la mwisho, kicheko kikakatika.

"Yalinitosha? Karakana yetu ilifungwa nikiwa mwaka wa pili. Walisema wahitimu wote huishia maofisini. Nimemaliza chuo sijawahi kufungua mota! Za wateja wa kwanza niliziunguza, nikatukanwa mpaka nikatamani kuacha kazi. Sasa wakiambiwa yalitosha, karakana itafunguliwa lini? Na wewe si unataka kusoma palepale?"

Chonjo aliona aibu, lakini shaka haikumtoka. "Je, kama ni tapeli kweli?"

"Hapo umeuliza la maana."

Kaka hakuipigia namba ya yule mwanamke. Alipiga ya ofisi ya chuo, aliyokuwa nayo tangu enzi za uanafunzi. Karani akamjibu kuwa mtafiti huyo ni wao, na kwamba mwisho wa kupokea majibu ni leo.

Walitoka mbio, wakamkuta mbele ya duka la dawa akimsubiri mhitimu mwingine. Kaka akamsogeza Chonjo mbele aseme mwenyewe.

"Samahani, shangazi. Nilikudanganya. Kaka ndiye huyu. Anasuka mota nyumbani."

Mtafiti alishusha pumzi. "Mtaa huu una mameneja wengi wa ng'ambo! Ningepeleka majibu hayo, chuo kingeona mambo ni shwari."

Akafuta alichoandika. Kaka akaketi kwenye benchi, akaeleza yote: mota zilizoungua, matusi ya wateja, na jinsi alivyojifunza kwa kubahatisha. Mtafiti aliandika kila neno, akasema kuwa hilo la karakana ataliweka mwanzoni mwa ripoti.

Mama alipita hapo na kikapu chake. "Na huyu ni nani?" aliuliza kwa jicho kali. Hakutulia mpaka alipokiona kitambulisho na kusikia kisa chote. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kumshuku mgeni hukukosea, mwanangu, na mlango hukufungua. Hapo nakupongeza. Ungemwambia tu arudi wakubwa wakiwepo, yangeisha. Lakini wewe ukaanza kutunga, na mtu akaondoka ameamini uongo. Niambie, tapeli pale mlangoni alikuwa nani?"

Chonjo aliinamisha kichwa.

"Mimi, mama."