Somo la Mia na Kumi na Tatu

Jumamosi ile Vilimaina alikuwa anapanda ghorofa ya juu ya soko la Suva kununua yaqona, mizizi inayotwangwa ikawa kinywaji cha heshima, na alikuwa na haraka. Ngazi za soko lile asubuhi ya Jumamosi si mahali pa mtu mwenye haraka. Wanawake wenye vikapu vya mihogo wanashuka, wanaume wenye mafungu ya mizizi wanapanda, na kila mmoja anamwomba mwenzake radhi huku akimsukuma. Alivaa sulu jaba nyeusi tii, gauni na kitambaa chake cha chini, bila ua sikioni wala hereni. Penye kona akapigana kikumbo na kijana mrefu aliyekumbatia sanduku la karatasi, na sanduku likapasuka.

Vikamwagika vishikwambi, kumi au zaidi, vikateremka ngazi kwa ngazi. Kimoja kikajiwasha.

"Bula vinaka, wanangu!" kikasalimu kwa sauti nene ya mwanamume, yenye kicheko ndani yake. "Jana tuliishia wapi? Usinitazame mimi, tazama daftari lako."

Vilimaina akashika ukuta. Yaqona yote ya soko lile ikamnukia ghafla kama udongo wa kaburi.

"Zima," akasema. "Zima hicho! Nakuomba, zima!"

"Nazima, dada, nazima! Kitufe chenyewe kimekwama..." Kijana alikibonyeza, akakipiga goti, mwisho akakifunika kwa shati lake la maua mpaka kikanyamaza. "Samahani sana. Umeumia?"

"Huyo ni mume wangu."

Kijana akageuka nyuma, akageuka mbele, akimtafuta huyo mume, kama mtu aliyefumaniwa. "Yuko wapi?"

"Amekufa. Yumo ndani ya hicho ulichoshika."

Kijana akaokota vishikwambi vyake, akamkalisha Vilimaina kwenye benchi la muuza tangawizi, akamletea maji ya ndimu. Aliitwa Apakuki. Kazi yake ilikuwa kupakia masomo katika vishikwambi na kuvisambaza shuleni, hasa visiwa vya mbali ambako mwalimu mmoja hufundisha madarasa manne. Masomo ya hesabu ya Mwalimu Emosi, mia na kumi na mawili, ndiyo yaliyopendwa kuliko yote. Kwamba mwenye sauti alifariki mwezi Machi kwa homa, ofisini kwao hakuna aliyemwambia.

"Wewe ni wa wapi?" Vilimaina akamuuliza, kwa vile ilibidi aseme neno asije akalia mbele ya watu.

"Nasaulevu."

"Ala! Nyinyi wala popo!"

Apakuki akakodoa macho. "Usiniambie wewe ni wa Navukailoa."

"Ndiko kwetu."

"Wezi wa mtumbwi!" akapiga paja. "Mababu zenu walituibia mtumbwi na kasia juu! Mtani wangu, nipe mkono, lakini kwanza nivue saa."

Vijiji hivyo viwili ni watani tangu enzi za mizimu. Inasemekana mzimu mmoja ndio uliovizaa vyote. Mtu wa huku akikutana na mtu wa kule, matusi ni haki yake. Vilimaina alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Machi, kisha akaona aibu.

"Nisikilize, mtani," akamwambia kabla hawajaachana. "Kwetu, ukifiwa, unajinyima kitu mpaka matanga yaanuliwe. Kuna anayeacha nyama, kuna anayeacha kunyoa ndevu. Mimi nimeacha sauti yake. Usiniletee karibu."

"Mpaka matanga yaanuliwe," Apakuki akaitikia. "Nimesikia."

Alisikia, ndiyo. Lakini hakuuliza lini.

Alipata kisingizio cha kwenda shuleni kwa Vilimaina kila wiki, maana vifaa vya shule havikosi kuharibika, na visipoharibika fundi aliyependa anajua la kufanya. Alimkuta akifundisha darasa la saba. Saa ya hesabu watoto walivaa spika za masikioni, wakainamia vishikwambi, na Vilimaina akapita katikati ya madawati akisahihisha madaftari. Darasa kimya. Mara watoto arobaini wakacheka kwa pamoja. Kimya tena. Mara wote wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu!" na hawakumwitikia yeye.

Apakuki aliyekuwa anakaza waya mlangoni alisisimka mwili.

"Unajua wanachekea nini?" akamnong'oneza wakati wa mapumziko.

"Somo la arobaini, mzaha wa nguruwe anayegawana magimbi na jirani. Alirekodi jikoni kwetu, mimi nachambua mboga." Vilimaina alikunja kona ya kitambaa chake. "Sisikii kitu, Apakuki, lakini najua kila anapofika. Wakicheka najua amesema nini. Wakinyamaza najua anakunywa chai. Wakati mwingine naona kama mimi ndiye niliyekufa, na yeye ndiye anayefundisha."

Jioni zile simu zikaanza.

"Mwizi wa mtumbwi, umekula?"

"Nimekula roti na samaki. Wewe umepata popo wako?"

"Leo popo wamegoma. Umevaa nini?"

"Nyeusi. Unauliza kama hujui."

"Nauliza nikiomba siku moja unijibu rangi nyingine."

"Acha, Apakuki."

"Nimeacha. Lala salama, mtani wangu mzuri."

Vilimaina alikata simu akatabasamu, na tabasamu likamwogopesha. Nyumbani kwa mjomba wake Waisake, mtaa wa Raiwaqa, alikohamia baada ya msiba, picha ya Emosi ilining'inia sebuleni ikiwa imevishwa kitambaa. Vilimaina alikuwa anapita mbele yake akiwa ameficha simu mgongoni, kama msichana wa shule.

Na Apakuki alikuwa anahesabu. Nasaulevu matanga huanuliwa usiku wa mia, basi, watu wanakula na kuvaa rangi. Alipiga hesabu toka Machi, akaona usiku wa mia utaangukia mwisho wa Juni. Akajipangia zawadi. Emosi alifariki hajafika masomo ya asilimia. Masomo kumi na manne yalikuwa hayajarekodiwa, na shule za visiwani zilikuwa zimekwama palepale alipokwama yeye. Apakuki alichukua masomo yale mia na kumi na mawili, akailisha programu inayoiga sauti ya mtu, akaifundisha kwa wiki sita mpaka ikajua kuvuta pumzi kama Emosi na kucheka kama Emosi. Kisha akaiandikia maneno. Alifanya kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo nikisimulia.

Mwezi Julai, siku ya wazazi, ukumbi wa shule ulijaa. Mwalimu mkuu alimkaribisha fundi. Apakuki, shati jipya, nywele zimechanwa, alimtazama Vilimaina aliyekaa mstari wa mbele. Bado alikuwa amevaa nyeusi, na Apakuki akadhani anapenda tu rangi hiyo. Akabonyeza.

"Bula vinaka, wanangu!" ukumbi mzima ukajaa sauti ya Emosi. "Leo tunaanza asilimia. Mnaonaje, tumekaa muda mrefu bila kuonana, sivyo?"

Mama mmoja alipiga ukelele. Watoto wakashangilia. Vilimaina alisimama, akaketi, akasimama tena. Emosi hakuwahi kusema maneno yale. Vilimaina alikuwa ameyasikia masomo yote jikoni kwake, na hilo halikuwamo. Maiti ilikuwa inasema mambo mapya.

Apakuki alimkuta nyuma ya jengo amejishika kwenye tangi la maji.

"Vili, sikiliza, mpenzi..."

"Usiniite hivyo!"

"Matanga yameisha! Usiku wa mia ulipita!"

"Kwenu! Kwenu usiku wa mia! Kwetu ni mwaka! Hukuniuliza?" Akamgeukia. "Umemfukua mtu, Apakuki. Umemtia maneno yako kinywani. 'Muda mrefu bila kuonana'! Nani alikuruhusu? Mama yake yuko hai, ulimuuliza? Mimi ulinijia kwa utani, ukanipigia simu, kumbe ulikuwa unamchukua kidogo kidogo!"

"Nilitaka kukufurahisha."

"Toka. Toka kabla sijakulaani."

Akatoka. Alipiga simu mara ishirini na moja. Hakujibiwa hata moja. Mwezi wa nane akaomba kazi ya visiwa vya mashariki ambayo wenzake wote walikuwa wanaikimbia, akapanda meli na vishikwambi vyake mia mbili.

Vilimaina alibaki na darasa lake. Sasa watoto walipocheka kwa pamoja alishtuka, akakagua orodha kwenye kishikwambi: ni la arobaini, ni la zamani, ni lake mwenyewe? Hakuiamini tena hata kumbukumbu yake. Akiwa jikoni anachambua mboga alijikuta anajaribu kuikumbuka sauti ya Emosi ikisema jina lake, na inayokuja ni ile ya ukumbini. Hapo ndipo alipomchukia Apakuki kwa kweli. Na simu ilipokaa kimya siku ya tatu, ya nne, wiki ya sita, akamchukia pia kwa kunyamaza.

Februari, Jumapili baada ya kanisa, watu watatu walifika Raiwaqa, wakavua viatu mlangoni, wakaingia wameinama. Walikuwa Apakuki, mjomba wake, na mzee wa kuwasemea. Waliketi chini mkekani, chini kuliko wenyeji, fungu zito la mizizi ya yaqona limelazwa mbele yao. Mzee alisema walikuja kuomba kusamehewa, kwamba mtoto wao alikosa juu ya marehemu na juu ya nyumba hii. Mama yake Emosi, aliyeitwa toka Nausori, alikuwa ameketi kando ya Mjomba Waisake. Waisake alimtazama. Yule mama akainamisha kichwa kukubali. Waisake akanyoosha mkono akaligusa fungu. Makofi mazito ya viganja yakapigwa. Nyumba ilikuwa imesamehe.

Lakini Vilimaina alikuwa jikoni, na jikoni hakukuguswa fungu lolote.

"Yale kumi na manne yako wapi?" akamuuliza Apakuki mlangoni, bila salamu.

"Niliyafuta siku ile ile, kabla sijavuka lango la shule. Sikuacha nakala."

"Basi umefuata nini?"

Alikuwa amekonda, jua la visiwani limemchoma. Akatoa mfukoni daftari lililolowa na kukauka. "Mume wako kila mwisho wa somo anasema, mwenye swali aliandike. Wameandika. Kila kisiwa nilichoshuka, mwalimu wao ananipa karatasi nimpelekee Mwalimu Emosi, nami nazibandika humu. Hawajui kama amefariki, Vili. Nilishindwa kuwaambia. Si mahali pangu."

Vilimaina alifungua, akasoma. Kwa nini sehemu ikigeuzwa inakuwa kubwa? Mwalimu, nguruwe aliwahi kumrudishia jirani magimbi? Baba yangu anasema unakaa Suva, una gari? Ukurasa wa mwisho, kwa penseli, herufi zimeegemeana: "Mwalimu Emosi, mimi ni Sulueti. Nimekuuliza mara tatu. Umenikasirikia?"

Akaketi kwenye ngazi za jikoni, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Apakuki alikaa ngazi ya chini yake, hakumgusa.

"Ulichokifanya kilikuwa kibaya," Vilimaina akasema alipopata sauti.

"Kilikuwa kibaya."

"Lakini kuwaacha hivi nako ni kubaya." Akapangusa uso kwa kitambaa cheusi. "Leta kipaza sauti chako kesho shuleni. Nitafundisha asilimia mimi."

"Wewe unaogopa hata kusoma tangazo kanisani."

"Nyamaza, mla popo."

Alirekodi mara tisa. Mara ya tisa hakukosea ila mahali pamoja, sauti ilipokatika na pakapita kimya kirefu.

"Nikikate?" Apakuki akauliza.

"Kiache. Ndivyo ilivyokuwa."

Matanga yalianuliwa Machi, mwaka umetimia. Shangazi zake walimvua nyeusi, wakamvisha jaba ya manjano yenye maua mekundu, wakala nguruwe na magimbi na majani yaliyopikwa kwa tui. Jumatatu yake, watoto walipokwisha kurudi makwao, Vilimaina alimwita Apakuki darasani, akaweka kishikwambi juu ya dawati.

"Kaa. Nataka niyasikie kwa mfuatano. Siwezi peke yangu."

Akabonyeza la mia na kumi na mawili. Emosi akasalimu, akafundisha, akakohoa kidogo, kikohozi kile ambacho wakati ule yeye na mkewe hawakukijali. Vilimaina alifumba macho. Ilikuwa sauti ya Emosi mwenyewe, ikiwa na kikwaruzo ambacho mashine haikukipata. Mwishoni Emosi akasema, "Nimechoka leo, wanangu. Kesho tutaendelea."

Kimya. Kisha likaingia la mia na kumi na tatu, kwa sauti ya mwanamke, nyembamba, inayotetemeka:

"Bula vinaka, wanangu. Mimi si Mwalimu Emosi. Mimi ni mke wake. Mwalimu Emosi alifariki mwaka jana..." Na kile kimya. "Sulueti, hakukukasirikia. Hakupata swali lako. Nimelipata mimi, na sasa nalijibu."

Vilimaina alitafuta mkono wa Apakuki bila kutazama, akaukuta.

"Atakuwa anafundisha kila asubuhi," akasema. "Kila kisiwa, miaka na miaka, watoto wanamcheka na kumwitikia. Utaweza kukaa na mwanamke wa mtu kama huyo?"

"Wivu ninao," Apakuki akasema. "Sikudanganyi. Nilipomsikia sasa hivi nimeumia. Lakini nakupenda, na masomo yake nitayabeba mwenyewe, meli hadi meli."

"Nami nakupenda, na naogopa." Akamkaza mkono. "Basi mwambie mjomba wako atafute jino la nyangumi, aje Raiwaqa kuniposa kama watu wanavyoposa. Na Nausori apite pia, kwa mama yake Emosi."

"Lini?"

"Afadhali umeuliza. Jumamosi."

Sauti ya Vilimaina kwenye kishikwambi ilikuwa imeshaanza kueleza maana ya mia. Hawakuizima. Walikaa wakaisikiliza mpaka somo likaisha.