Vijiko Sita vya Sosi

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba yao ya ghorofa, na dirisha lake lilitazama barabara. Mumewe alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kwa miaka kumi na minne alishika usukani, na hakuwahi kukwaruza gari la mtu.

Walikuwa na mabinti wawili mapacha, wenye umri wa miaka kumi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wote wanne walikwenda kula kwenye mkahawa wa Kichina. Waliagiza kuku na mboga, vikielea kwenye mchuzi mweusi unaong'aa. Mapacha waligombea mchuzi wa mwisho mpaka sahani ikabaki kama imeoshwa.

Mwaka huo daktari wa kampuni aliwapima madereva wote. Presha ya Baba Pacha ilikuwa mia moja na sabini juu ya mia moja na tano.

"Kwa presha hii siwezi kukuruhusu uendeshe lori," daktari alimwambia. "Meza dawa kila siku. Punguza chumvi. Rudi baada ya wiki nane."

Baba Pacha akahamishiwa ofisini kupokea simu. Alirudi nyumbani siku ya kwanza, akavua viatu.

"Kazi ilikuwaje?" mkewe aliuliza.

"Nimekuwa pambo la meza," alijibu.

Mama Pacha aliumia moyo. Usiku huo huo alifanya uamuzi.

"Mkahawani hatuendi tena," alisema. "Chumvi yao ndiyo iliyokuponza. Chakula hicho hicho nitakipika mwenyewe hapa hapa."

Kesho yake alinunua chupa ya sosi ya Kichina ya kupikia. Chupa ilikuwa na picha ya mboga za kijani. Mtu akiitazama tu, alihisi afya.

Alikata kuku, karoti, kabichi na pilipili hoho. Akavitia vyote kwenye kikaango kwa pamoja. Akamimina vijiko viwili vya sosi. Mboga zikatoa maji mengi, na mchuzi ukawa hauna ladha.

"Mama, hii si kama ya mkahawani," pacha mmoja alisema.

Mama Pacha akaongeza sosi. Akaonja. Akaongeza tena, mpaka ikafika vijiko sita. Mwisho akanyunyiza chumvi kidogo. Sasa wote walikula vizuri. Tangu siku hiyo alipika hivyo mara tatu au nne kwa wiki.

Baada ya wiki tatu, Baba Pacha alipita zahanati. Muuguzi alimpima mara mbili. Mia moja na sitini na mbili juu ya mia moja.

"Dawa nameza," alimwambia mkewe. "Mkahawani siendi. Labda mambo ya lori ndiyo basi tena."



Jioni ya siku ya pili yake, jirani yao alikuja kuchukua suruali aliyoleta ipunguzwe kiuno. Alikuwa mpishi wa mkahawa ule ule wa Kichina. Jengo zima lilimwita Karai, kwa sababu ya karai kubwa analopikia. Alimkuta Mama Pacha jikoni, chupa mkononi.

"Dada, unamimina sosi au unazima moto?" Karai aliuliza.

Mama Pacha alicheka, kisha akamweleza yote, tangu daktari mpaka zahanati. Karai aliichukua chupa, akaigeuza.

"Umewahi kusoma huku nyuma?"

"Maandishi madogo hayo?"

"Wewe unayetunga uzi kwenye sindano, maandishi haya yatakushinda?"

Mama Pacha aliisogeza chupa karibu na taa. Alisoma polepole. "Sodiamu, miligramu mia tisa, kwa kijiko kimoja kikubwa."

"Sodiamu imo ndani ya chumvi," Karai alieleza. "Zidisha kwa mbili na nusu, utapata kiasi cha chumvi. Hapo ni zaidi ya gramu mbili. Na mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai."

Mama Pacha aliweka chupa mezani. "Kumbe kijiko kimoja ni karibu nusu ya chumvi ya siku. Na mimi natia sita."

"Umeruka majivu, ukakanyaga moto."

"Basi ya kwenu ni afadhali?"

Karai alitikisa kichwa. "Sikudanganyi. Ya kwetu nayo ina chumvi nyingi, na mafuta hatuyaonei huruma. Lakini utamu wetu hautoki kwenye sosi peke yake. Unatoka kwenye moto. Wewe unajaza kikaango, kwa hiyo mboga zinachemka badala ya kukaangika. Ladha inakimbia, nawe unaikimbiza na chupa."

Kisha akakunja mikono ya shati. Alifuta kuku kwa kitambaa safi mpaka akakauka. Alipasha kikaango moto sana, akatia mafuta kidogo. Alikaanga kuku mpaka akaiva, akamtoa. Akakaanga mboga kidogo kidogo, nazo zikabaki na rangi yake. Akatia tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, akarudisha kuku. Mwisho alichanganya kijiko kimoja tu cha sosi na maji na wanga wa mahindi, akamimina. Alikamulia ndimu. Chumvi hakuigusa.

Mapacha walionja, wakatazamana, kisha wakaanza kugombea mchuzi.

"Kijiko kimoja tu?" Baba Pacha aliuliza.

"Kimoja, shemeji, kwa nyinyi wote wanne. Na dawa usiache. Chakula ni msaidizi wake, hakichukui nafasi yake."

Mama Pacha alipika hivyo kuanzia siku hiyo. Dukani alianza kugeuza kila kitu, hata mkate, asome nyuma. Muuza duka alimtania kwamba anatafuta bei iliyofichwa.

Wiki ya nane ilifika. Daktari alimfunga Baba Pacha mkanda wa kipimo mkononi, akapima, akasubiri, akapima tena. Kisha akaandika barua ya kumrudisha barabarani, na kumwagiza aje apimwe kila mwezi.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha alikuwa akishona gauni la mteja aliyekaa pembeni. Honi nzito ililia nje ya dirisha mara mbili. Lori jeupe likapita taratibu.

"Nani huyo anayepiga kelele?" mteja aliuliza.

Mama Pacha hakuinua macho kutoka kwenye mshono, lakini uso wake ulijaa tabasamu.

"Hiyo ni mia moja na ishirini na nane juu ya themanini," alisema. "Inakwenda kazini."